Jinsi ya kuandika maelekezo ya matibabu yako ya akili ukiwa na nafuu: mwongozo kwa wanaohudhuria kliniki Nyanda za Juu Kusini

Maswali yanayoulizwa kwenye mabenchi ya kliniki za afya ya akili, iwe Mbeya mjini, Iringa, Njombe au Tukuyu, yanafanana mno. Je, nikiandika kwamba sitaki sindano fulani, daktari atanisikiliza? Je, ni lazima niandikiwe na wakili? Je, kaka yangu aliyenifunga kamba mara iliyopita anaweza kuichana karatasi hiyo? Mwongozo huu unayajibu kwa utaratibu wa hatua, na umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyewahi kuzidiwa angalau mara moja, ambaye sasa una nafuu na unafikiria kuacha maneno yako kwa maandishi ili yatumike siku utakaposhindwa kujieleza.

Hati ya maelekezo ya mapema ni karatasi unayoiandika ukiwa na akili timamu, ukieleza matibabu unayoyakubali, usiyoyataka, na mtu atakayesema kwa niaba yako. India imeitambua katika Sheria ya Huduma za Afya ya Akili ya mwaka 2017, ingawa hata huko haitumiki katika matibabu ya dharura. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 12 unatambua kuwa mtu mwenye ulemavu, pamoja na ulemavu wa akili, ana uwezo wa kisheria sawa na wengine. Hata hivyo Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake katika mazingira fulani, na karatasi yako haiondoi mamlaka hayo. Kwa hiyo ihesabu hati hii kuwa ushahidi wa matakwa yako, wala si amri kwa daktari. Ushahidi huo una thamani kubwa pale muuguzi wa zamu ya usiku anapompokea mtu asiyejieleza, akiwa na ndugu watatu wanaosema mambo matatu tofauti.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kadi au daftari lako la kliniki, lenye majina ya dawa na vipimo vyake.
- Orodha ya dawa zilizowahi kukuletea shida. Kama hulikumbuki jina, mwombe muuguzi aangalie kwenye faili.
- Mtu mmoja aliyekuona ulipozidiwa na ambaye huogopi kuambiwa ukweli naye.
- Namba za simu za watu wawili au watatu, zilizohakikishwa kuwa zinapatikana.
- Karatasi, kalamu, na fedha kidogo ya kutoa nakala steshenari.

Hatua za kufuata

1. Amua kwanza kama unataka kuandika. Uamuzi huu ni wako, na kutoandika nako ni uamuzi halali. Hati inamfaa zaidi mtu ambaye kuzidiwa kwake kuna mwendo unaojulikana, aliyewahi kupata madhara ya dawa au kutendewa vibaya wakati wa kupelekwa hospitali, na mwenye angalau mtu mmoja wa kumwamini. Kama umeugua mara moja tu na bado huelewi vizuri kilichotokea, au kama kulikumbuka tukio lile kunakukosesha usingizi, hakuna ubaya kusubiri miezi kadhaa. Ndugu akikusukuma uandike kwamba utakubali kila dawa atakayoitaka yeye, au muuguzi akikuletea karatasi iliyojazwa tayari ili utie saini tu, hiyo si hati yako tena na ni bora kuikataa kwa heshima.

2. Chagua wakati unaofaa. Usiandike siku uliyochomwa sindano ukiwa na usingizi, wala katikati ya msiba au ugomvi wa shamba. Tenga vikao viwili vifupi badala ya kimoja kirefu, kwa sababu maneno ya kikao cha kwanza mara nyingi huwa na hasira ndani yake, na ukiyasoma tena baada ya wiki utajua yapi ni matakwa na yapi ni machungu. Siku ya kliniki, mwombe daktari au muuguzi aandike kwenye faili kwamba tarehe hiyo ulizungumza naye kuhusu hati na ulikuwa unaelewa unachokisema. Sentensi hiyo moja ndiyo inayozuia mtu kudai baadaye kwamba uliandika ukiwa umechanganyikiwa.

3. Eleza dalili zako za mwanzo kwa maneno ya kawaida. Usiandike jina la ugonjwa peke yake, maana watu wawili wenye jina moja la ugonjwa huzidiwa kwa namna tofauti. Andika kinachoonekana: “Nikikaa siku tatu bila kulala na kuanza kuwagawia watu bidhaa za dukani bure, hali inarudi”, au, “Nikikataa chakula cha nyumbani nikisema kimetiwa sumu, msibishane nami, mpigieni simu msemaji wangu.” Hapa ndipo mtu aliyekuona anahitajika, kwa kuwa wengi wetu hatukumbuki siku za mwanzo. Andika pia mambo yanayofanana na ugonjwa lakini si ugonjwa. Mtu anayeamka saa tisa usiku kwa sababu anasali, au anayenyamaza wiki nzima akifiwa, hastahili kupelekwa wodini kwa ajili hiyo.

4. Andika kuhusu dawa, kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote. Kosa ninaloliona mara nyingi ni sentensi moja nene: “Sitaki dawa yoyote.” Mhudumu aliyekabidhiwa mtu anayetaka kujidhuru hawezi kuifuata sentensi hiyo, na akishaipuuza hiyo ataona wepesi wa kuipuuza karatasi nzima. Kinachosikilizwa ni kukataa jambo mahususi, pamoja na sababu yake, pamoja na mbadala.

Linganisha na maneno haya: “Nilipochomwa haloperidoli shingo yangu ilipinda na macho yakapanda juu. Naomba nisichomwe tena ikiwa ipo dawa nyingine. Ikiwa haipo, naomba nipewe pamoja na benzheksoli, na mtu akae nami saa za mwanzo.” Kupinda shingo na kukaza taya ni madhara yanayojulikana ya dawa za kundi la haloperidoli, na yana dawa ya kuyatuliza, ndiyo hiyo benzheksoli, kwa hiyo mhudumu akisoma maneno hayo anajua la kufanya papo hapo. Vivyo hivyo, anayevuna chai Mufindi anaweza kueleza kwamba kloropromazini humfanya ngozi iungue haraka juani na kusinzia asubuhi, na kwamba baada ya kutulia angependa kuzungumzia dawa nyingine. Kama sindano ya mwezi ya flufenazini inakusaidia na vidonge unavisahau, andika hilo pia. Hati si ya kukataa tu.

Taja dawa za magonjwa mengine unazotumia kila siku, hasa za kifafa, ambazo hatari yake iko katika kukatizwa ghafla. Mwanamke anayetarajia kupata mimba aandike hivyo, kwa sababu valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hisia, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kuhusu dawa za VVU, mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya inaongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi, kwa hiyo jambo hili linawahusu wengi wanaohudhuria kliniki zetu. Karbamazepini, inayotumika sana kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, hupunguza nguvu ya dolutegraviri, ambayo ni dawa ya VVU, mwilini, na daktari anayekupokea anapaswa kulijua hilo kabla ya kuandika dawa. Lakini si lazima kila atakayeishika karatasi yako alijue. Liandike kwenye karatasi ya pili, uifunge ndani ya bahasha yenye maneno “kwa daktari peke yake”, na kwenye ukurasa wa kwanza uandike tu kwamba bahasha ipo na nani anayo.

5. Eleza unavyotaka kupelekwa na unakotaka kupelekwa. Hatua hii watu huipita haraka, ilhali madonda mengi ya moyoni hutokana na safari kuliko wodi yenyewe. Andika kama unapendelea gari la jirani kuliko kubebwa kati ya watu wawili juu ya bodaboda. Kama unataka mama yako awepo au, kinyume chake, asiwepo. Kama kuona sare za polisi kunakuzidishia hofu. Kuhusu kufungwa kamba, usiishie kusema “msinifunge”, bali sema kinachokutuliza badala yake: chumba chenye mwanga, mtu mmoja tu wa kuongea nawe, redio kuzimwa, kikombe cha uji. Kuanzia Novemba hadi Aprili barabara za pembezoni huteleza na safari ya kutoka vijiji vya Makete au Ileje inaweza kuchukua siku nzima, kwa hiyo taja kituo cha afya cha karibu unachokubali kuanzia, si hospitali kubwa peke yake. Weka nguo nzito kwenye orodha ya vitu vya kubebewa, maana Juni na Julai baridi ya wodini haina huruma.

Wengi huuliza kuhusu Mirembe. Hospitali hiyo ya Taifa ya Afya ya Akili ipo Dodoma, takriban kilomita 260 kutoka Iringa mjini, na kwa mtu wa Mbeya au Kyela ni mbali zaidi sana. Unaweza kuandika kwamba ungependa kutibiwa kwanza mkoani kwako, karibu na watu wako, na upelekwe Dodoma pale tu wataalamu wa mkoa wanapoona wameshindwa. Unaweza pia kuandika kinyume chake, kama hutaki majirani wakuone. Yote mawili nimeyasikia, na yote yana sababu zake.

Andika bila kuzunguka msimamo wako juu ya mganga wa kienyeji na juu ya maombi. Wapo wanaotaka mchungaji au shehe aje kuwaombea wodini, na hilo halipingani na dawa. Wapo wasiotaka kupelekwa mahali ambapo watafungwa minyororo au kunyimwa chakula kwa jina la kufunguliwa. Ukinyamaza, ukoo utaamua kwa mujibu wa imani ya mwenye sauti kubwa siku hiyo.

6. Chagua msemaji wako. Makosa mengi hufanyika hapa kwa sababu ya heshima. Desturi inatuelekeza kumtaja baba mkubwa, kaka mkubwa au mjomba mwenye uwezo wa fedha, ambaye pengine anafanya biashara Dar es Salaam na anarudi Desemba peke yake. Mtu huyo anaweza kulipia matibabu, lakini hawezi kufika kwako saa nane za usiku. Tafuta mwenye sifa nne: anapokea simu usiku, anaweza kufika ndani ya saa chache, anaweza kusema mbele ya daktari na mbele ya wazee jambo ambalo yeye mwenyewe halipendi, kwa sababu tu wewe ulilitaka, na hanufaiki na ugonjwa wako. Sifa ya nne si ya kupuuza kwa mtu mwenye shamba la miti au la parachichi ambalo ndugu wamekuwa wakilitamani.

Jirani, mwenzako wa kliniki au shangazi anayeishi karibu anaweza kuwa msemaji bora kuliko ndugu wa kwanza. Ili kulinda heshima, wagawie majukumu: kaka mkubwa awe wa kujulishwa na wa kusaidia gharama, shangazi awe wa kusema. Waeleze wote wawili ana kwa ana, ukiwa mzima, kabla ya kutia saini. Kaka atakayejua kwa mara ya kwanza mlangoni mwa wodi kwamba jina lake halimo ndiye huyo atakayeichana karatasi. Andika pia msemaji wa pili, maana simu huzima.

7. Panga mambo ya nyumbani kwa ufupi. Nani atakaa na watoto, nani atalisha ng’ombe na kukamua, nani atafungua duka. Usiandike namba ya siri ya simu wala ya benki. Tambua pia kwamba hati hii haimpi mtu mamlaka juu ya mali yako. Ukitaka mtu asimamie fedha au ardhi kwa niaba yako, hiyo ni hati nyingine, na inahitaji wakili. Ikiwa gharama za wakili ni kubwa kwako, ulizia wasaidizi wa kisheria wa wilayani, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

8. Amua mapema nini kifanyike ukibadili kauli ukiwa umezidiwa. Swali hili ni gumu kuliko yote. Wapo wanaosema: “Nikizidiwa nitakataa hospitali na nitawatukana, msinisikilize, fuateni nilichoandika.” Uholanzi imeruhusu hati za namna hiyo kisheria tangu mwaka 2008. Wapo wengine wanaotaka neno lao la siku yoyote liheshimiwe, hata wakiwa wagonjwa, kwa kuwa wamechoka kuambiwa kwamba si wao wanaosema. Sikushauri upande wowote, ila usiache nafasi hiyo wazi. Ukichagua la kwanza, taja mipaka: kwa mfano, unaruhusu kupelekwa kituoni na kupewa dawa uliyoitaja, lakini si kufungiwa nyumbani.

9. Fupisha, tia saini, gawa nakala. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo ambayo mtu mwenye haraka anaweza kuyasoma kwa dakika mbili: jina lako, kliniki unayohudhuria, msemaji na namba yake, dawa za kuepuka na sababu, dawa zinazokusaidia, kinachokutuliza. Maelezo marefu yakae ukurasa wa pili. Andika tarehe, tia saini au dole gumba kila ukurasa, na uwe na mashahidi wawili ambao si wasemaji wako. Mhudumu wa kliniki akiwa shahidi mmoja ni vizuri zaidi. Huhitaji wakili ili karatasi hii iwe na maana kwa daktari, ingawa kuapa mbele ya kamishna wa viapo kunaweza kusaidia ikiwa unatarajia mvutano katika ukoo.

Nakala moja iingie kwenye faili la hospitali, na siku hiyo hiyo hakikisha kwa macho yako kwamba imebanwa ndani badala ya kuwekwa juu ya meza. Nyingine akae nayo msemaji, nyingine ikae na kadi yako ya kliniki. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji anaweza kujulishwa kwamba hati ipo bila kupewa nakala. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ikishafika huko imefika kila mahali, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

10. Ipitie upya angalau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya kulazwa au kubadilishiwa dawa. Ukiandika mpya, kusanya nakala za zamani uzichome. Nakala mbili zenye maneno tofauti ni hatari kuliko kutokuwa na nakala.

Mambo yanapokwama

Mhudumu anasema hajawahi kuona karatasi ya namna hii. Usibishane naye kuhusu sheria. Mwambie ni maelezo ya mgonjwa kuhusu dawa zilizomdhuru na mtu wa kuwasiliana naye, na uombe tu yawekwe kwenye faili. Hakuna muuguzi anayekataa orodha ya dawa zinazomdhuru mgonjwa. Akiendelea kusita, onana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo.

Hujui kusoma na kuandika. Mtu mwingine akuandikie maneno yako kama ulivyoyasema, akusomee yote kwa sauti mbele ya mashahidi, ikiwezekana kwa lugha ya nyumbani kama Kinyakyusa, Kihehe au Kibena ikiwa ndiyo unayoielewa vizuri zaidi, kisha uweke dole gumba. Mwandishi naye aandike jina lake na aeleze kwamba alikusomea.

Huna mtu wa kumwamini kabisa. Andika hati bila msemaji, na uombe mhudumu mmoja wa kliniki unayemzoea awe mtu wa kwanza kujulishwa. Usijaze jina la mtu usiyemwamini ili nafasi isionekane tupu.

Maneno yako hayakufuatwa. Subiri upate nafuu, kisha uombe kuonana na daktari aliyekutibu ukiwa na msemaji wako, na umuulize ni sehemu gani aliiacha na kwa nini. Wakati mwingine jibu ni kwamba dawa uliyoitaka haikuwepo siku hiyo. Basi ongeza chaguo la pili na la tatu. Wakati mwingine jibu ni kwamba hakuna aliyeiona karatasi, na hapo tatizo liko kwenye nakala. Kama ulitendewa kwa ukatili, hilo ni lalamiko la kumpelekea mganga mfawidhi wa kituo kwa maandishi, likiwa na tarehe na saa, na nakala ya hati ikiambatanishwa.

Umehamia mkoa mwingine. Faili halikufuati, kwa hiyo omba barua ya uhamisho, chukua nakala yako, na siku ya kwanza kliniki mpya uikabidhi pamoja na kadi. Kabla ya kuikabidhi, badilisha jina la msemaji ikiwa yule wa zamani amebaki Mbeya nawe umehamia Songea.